Kujenga upya mfupa uliopotea kwa utando unaoota kuzunguka saruji: mwongozo kwa wapasuaji wa Goma

Katika hospitali za Goma, mgonjwa aliyepoteza sentimita sita au kumi za mfupa wa muundi si jambo geni, kwa kuwa risasi huusaga mfupa na ajali za pikipiki huuacha wazi, umejaa udongo. Pengo la ukubwa huo halizibiki lenyewe, na mfupa wa kupandikiza ukitiwa humo bila kinga huelekea kunyonywa na mwili kabla haujashika. Njia ninayoieleza ilianzishwa na mpasuaji Mfaransa Alain-Charles Masquelet katika miaka ya 1980, naye pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa 35 waliokuwa na mapengo makubwa ya mfupa. Haidai hadubini ya kuunganishia mishipa ya damu. Inadai saruji ya mfupa (plastiki ya hospitali inayoganda, si saruji ya ujenzi), fiksata ya nje (fremu inayoshika mfupa kwa pini kutoka nje ya ngozi), na mpasuaji asiyeogopa kukata.

Kabla ya yote, keti na mgonjwa pamoja na ndugu anayemlinda hospitalini, uwaeleze kwamba upasuaji ni mara mbili na kwamba ule wa kwanza haurudishi mfupa wowote. Asiyelielewa hilo huona maumivu yametulia, akaenda zake na fiksata mguuni.

Hatua ya kwanza ni kusafisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo matokeo yanapoamuliwa. Ondoa tishu zote zilizokufa, risasi na vipande vyake unavyovifikia, pamoja na kila kipande cha mfupa kisichoshikamana na nyama hai. Kisha punguza ncha za mfupa kidogo kidogo mpaka vitone vya damu vichomoze kwenye uso uliokatwa. Ukiwa mweupe na mkavu, endelea kukata, hata kama pengo litaongezeka, kwa sababu kwa njia hii sentimita mbili za ziada hazina hatari kama sentimita moja ya mfupa mfu iliyobakizwa kwa huruma. Chukua sampuli kadhaa za tishu za ndani kwa ajili ya maabara. Iwapo bado una shaka, usitie saruji siku hiyo, bali rudi kusafisha baada ya siku mbili.

Ukisharidhika, nyoosha mguu, pima urefu wake kwa kuulinganisha na mguu mzima, kisha ufunge kwa fiksata imara. Changanya saruji, usubiri mpaka isinate tena kwenye glavu, kama bugali iliyoiva, ndipo uijaze penye pengo. Iingie kidogo ndani ya mrija wa uboho na izifunike ncha zote mbili za mfupa kwa nje kwa sentimita moja hivi, ili utando utakaoota uzidi mipaka ya pengo. Inapoganda hutoa joto kali, kwa hiyo imwagie maji baridi ya chumvi mfululizo. Ukiongeza antibiotiki, chagua inayostahimili joto, kama gentamaisini au vankomaisini, lakini usiitegemee kufidia usafishaji hafifu. Ngozi ifungwe bila kuvutwa. Ngozi ikiwa haitoshi, msuli wa kigimbi unaweza kugeuzwa kufunika sehemu ya juu ya muundi.

Subiri wiki sita hadi nane. Kwa muda huo mwili huizungushia saruji utando mwembamba wenye mishipa mingi ya damu, unaotoa vichocheo vya ukuaji wa mfupa na kuzuia pandikizi lisinyonywe.

Katika upasuaji wa pili, pasua utando kwa mstari mmoja ulionyooka, usiubandue kutoka kwenye nyama zinazoulisha. Vunja saruji kwa patasi, uitoe vipande vipande bila kuuchana. Ukikuta usaha, acha mpango wa kupandikiza: safisha upya, tia saruji mpya, anza kuhesabu wiki tena. Pakiwa safi, fungua tena mrija wa uboho na ukwangue ncha za mfupa mpaka zitoe damu.

Pandikizi bora ni mfupa laini wa sponji kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, uliokatwakatwa vipande vidogo. Nyonga ya nyuma hutoa zaidi kuliko ya mbele. Mfupa huo ukiwa hautoshi, chembechembe za trikalsiamu fosfeti au haidroksiapatiti, yaani madini yanayofanana na ya mfupa, zinaweza kuongezwa, lakini zisizidi theluthi moja ya mchanganyiko, maana hizo ni kiunzi tu, hazina seli hai. Jaza pengo bila kushindilia, ili mishipa mipya ipate njia, kisha shona utando juu yake.

Pini za fiksata zisafishwe kila siku, na mgonjwa akatazwe sigara. Uzito uongezwe kidogo kidogo kwa kufuata eksirei, na fiksata isitolewe mpaka angalau kuta tatu kati ya nne za mfupa zionekane zimeunga katika picha ya mbele na ya ubavuni.