Umekabidhiwa nyumba mpya? Usikimbilie kutoboa

Soma mkataba kwanza. Kipindi cha kurekebisha kasoro mara nyingi ni miezi 6 hadi 12, na ukivunja ukuta kabla hakijaisha, mkandarasi atadai ufa ni wako. Orodhesha kasoro, piga picha, mkabidhi kwa maandishi.

Yanayopita ndani ya ukuta, yaani nyaya na mabomba, yatangulie. Rangi iwe ya mwisho. Shawa ya umeme ndiyo huponza wengi: ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Ukiiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba, waya unaweza kupata joto kupita kiasi hadi plastiki yake iharibike. Ivutie waya wake wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32, pamoja na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini).