Kuibua ruwaza ya kimondo cha chuma na kutambua madini yake

Kipande cha kimondo cha chuma kilichokatwa hufanana na chuma kingine chochote hadi kiguswe na asidi. Hapa tunachukulia kwamba unacho kipande kilichokwisha kukatwa.

1. Jua aina yake. Ruwaza ya Widmanstätten, yaani mikanda inayopishana, hupatikana kwenye vimondo vya aina ya oktahidraiti. Heksahidraiti, aina nyingine, zenye nikeli chini ya asilimia 6 hivi, huonyesha mistari myembamba ya Neumann tu. Ataksaiti, aina ya tatu, kama kimondo cha Hoba cha Namibia, hazionyeshi ruwaza kwa macho, hata uzipake asidi mara ngapi.

2. Piga msasa. Anza na namba 120, kisha 220, 400, 600, umalizie na 1200. Kila ukibadilisha namba, geuza kipande nyuzi 90 na usugue hadi mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe yote. Kazi nyingi huharibikia hapa: mkwaruzo uliobaki hauondolewi na asidi, bali huzidi kujitokeza.

3. Kagua kabla ya asidi. Watu wengi huiruka hatua hii, nao hukosa mengi. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona troilaiti, salfaidi ya chuma yenye rangi ya shaba iliyofifia, mara nyingi ikiwa viduara. Grafaiti ni nyeusi, laini, na huchafua karatasi. Piga picha ulinganishe baadaye.

4. Changanya naitali, yaani mchanganyiko wa asidi ya naitriki na alkoholi. Vaa glavu na miwani ya kinga, fungua madirisha, ondoa moto wowote. Weka mililita 95 za ethanoli kwenye bakuli la kioo, kisha mimina polepole mililita 5 za asidi ya naitriki ya asilimia 70. Asidi ndiyo huingia kwenye alkoholi, kamwe si kinyume. Usizidishe kipimo wala usiihifadhi kwenye chupa iliyofungwa: gesi hujikusanya na chupa inaweza kulipuka.

5. Paka. Tumia brashi laini, bila kusimama, kwa sekunde 30 hadi dakika 3. Asidi ikituama huacha madoa. Mikanda ya ruwaza ni kamasaiti, aloi ya chuma yenye nikeli asilimia 5 hadi 7; huliwa haraka na kufifia. Taenaiti, aloi yenye nikeli zaidi ya asilimia 20, hustahimili na kubaki kama nyuzi zinazometa kando ya mikanda. Simama mara tu mikanda inapotofautiana vizuri. Ukizidisha, uso wote huwa kijivu na itabidi urudi kwenye msasa wa 600.

6. Zima asidi. Tumbukiza kipande kwenye maji yaliyosafishwa yenye bikaboneti ya soda kwa dakika 10, kisha suuza. Zingatia kingo za troilaiti: asidi hujificha kwenye nyufa zake na kutu huanzia hapo.

7. Soma uso. Chembe nyeupe ya fedha ambayo asidi haikuigusa, ngumu na yenye nyufa, yaelekea ni shraibasaiti, fosfaidi ya chuma na nikeli. Mara nyingi huizunguka troilaiti. Kohenaiti, kabaidi ya chuma, hufanana nayo sana, kwa hiyo usiamue kwa macho pekee.

8. Kausha. Loweka kwenye ethanoli safi ya asilimia 99 usiku kucha ili ivute maji. Acha alkoholi yote ipeperuke mahali pa wazi, ndipo uweke kipande kwenye oveni ya nyuzi 90 kwa saa moja. Kikiwa bado vuguvugu, kipake mafuta ya mashine, tabaka jembamba. Matone ya kahawia yakitokea baadaye ni dalili ya kloraidi (chumvi za klorini) ndani: rudia kuloweka na kukausha kabla hayajachimba uso.