Jinsi ya kuivua pikapu ya zamani mapambo ya kishamba

Wadau, ukinunua Hilux ya miaka ya 90 hapa Dar mara nyingi unanunua na ushamba wa aliyekuwa nayo, stika za miali ya moto ubavuni, nikeli za plastiki (vipande vya urembo vinavyong'aa kama chuma) kila kona, taa za bluu chini kama ukumbi wa harusi.

Anza na stika. Usikwangue na kisu! Chukua drayaa ya saluni, pasha kona moja mpaka gundi ilegee ndo uvute taratibu, ikichanika pasha tena. Gundi iliyobaki futa na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo halafu osha na sabuni fasta. Alama itabaki maana jua la huku limeshapausha rangi ya pembeni, piga polishi ila usitegemee miujiza.

Nikeli za juu ya matairi ndo balaa, ukizing'oa unakuta matope na chumvi vimeshakula bati (ya kwangu kidole kilipita). Piga msasa, praima (rangi ya msingi), kisha rangi. Taa za urembo fuata waya mpaka kwenye betri uuchomoe huko, ukikata ukauacha unaning'inia utapiga shoti. Bampa la chuma la zamani liache, hilo linaipendeza.