Jinsi ya kuchambua historia ya mbunge mkongwe wa jimbo Marekani (usidanganyike na idadi ya miaka)

Ukisikia mtu kakaa kwenye bunge la jimbo kule Marekani miaka 40 au 50, cha kwanza unachowaza ni kwamba huyo wananchi wanampenda kweli. Labda. Mi nimeandika wasifu wa hawa wazee kwa Kiswahili mara kadhaa, nikaja kugundua miaka haikwambii kitu mpaka uzipange chaguzi zake zote mstari kwa mstari uone alipambana na nani, na wapi hakupambana na mtu kabisa. Sasa nawapa namna ninavyofanya, chukua kinachokufaa.

Kabla hujagusa rekodi yoyote malizana kwanza na neno "jimbo". Kwa Kiswahili Wisconsin yenyewe tunaiita jimbo, halafu sehemu anayochaguliwa mbunge nayo tunaita jimbo, matokeo yake mara ya kwanza niliandika "seneta wa jimbo la 26 wa jimbo la Wisconsin", mtu akaniuliza hayo majimbo mengine 25 yako wapi. Siku hizi Wisconsin ni jimbo, 26 ni eneo la uchaguzi, nikishaamua sigeuki. Na ukiandika "seneta" ukaishia hapo msomaji atamweka Washington, kwa hiyo sema seneta wa jimbo. Nebraska ndo wana vituko vyao: bunge lao ni moja tu la watu 49, wote wanaitwa maseneta, na kwenye karatasi ya kura chama hakiandikwi.

Haya, chora jedwali. Mwaka, bunge la chini au Seneti (bunge la juu), namba ya eneo, mpinzani kwenye mchujo wa chama, mpinzani wa Novemba, kura. Tuchukue Fred Risser wa Madison, Wisconsin, ambaye ndo anashika rekodi ya mbunge wa jimbo aliyekaa muda mrefu kuliko wote Marekani. Alichaguliwa bunge la chini 1956, akachaguliwa Seneti 1962, akaondoka Januari 2021. Hapo tayari kuna mtego: uchaguzi ni Novemba, anaanza kazi Januari inayofuata, kwa hiyo utumishi wake unahesabu kuanzia 1957 na jumla ni miaka 64, ukichanganya mwaka wa kuchaguliwa na mwaka wa kuanza kazi unamwongezea mtu mwaka mzima wa bure. Mtego wa pili ni majina. Baba yake naye aliitwa Fred Risser na naye alikuwa seneta wa jimbo hukohuko, mmoja ni Fred E. mwingine Fred A., ukisoma kijarida cha zamani haraka haraka unaweza kumpa mtoto kura za baba. Angalia herufi ya kati kila mara.

Kura zenyewe utazipata kwenye ofisi ya jimbo inayosimamia uchaguzi, mara nyingi ni ya katibu wa jimbo ila sio kote. Wisconsin wana tume yao, tena wana kitabu rasmi, Wisconsin Blue Book, kinatoka kila baada ya miaka 2 na matokeo yamo humo. Chaguzi za zamani nyingi ni kurasa zilizoskaniwa, vumilia.

Jedwali likijaa, usikimbilie asilimia, tafuta nafasi zilizo wazi. Yaani miaka aliyopita bila kupingwa. Utashangaa zilivyo nyingi kwa hawa wakongwe, na mtu aliyepata asilimia 98 kwa sababu hakuwa na mpinzani huwezi kumweka kapu moja na aliyepata 54 akitoka jasho. Halafu rudi kwenye mchujo. Kama eneo ni ngome ya chama kimoja basi Novemba ni kukamilisha ratiba tu, vita ilishapiganwa miezi kadhaa nyuma na watu wachache sana walipiga kura. Ukiruka mchujo umeruka uchaguzi wenyewe.

Sasa mipaka, na hapa usiwe na haraka. Tangu kesi ya Reynolds v. Sims iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1964, maeneo ya mabunge ya majimbo lazima yawe na watu wanaokaribiana kwa idadi, kwa hiyo kila baada ya sensa ya miaka 10 ramani inachorwa upya. Kwa kawaida ramani mpya inaanza kutumika mwaka unaoishia na 2: 1992, 2002, 2012, 2022. Mimi hiyo miaka naipiga rangi kwenye jedwali. Namba ya eneo inaweza kubaki ileile ila watu waliomo ni wengine kabisa, mitaa iliyokuwa inamsumbua imehamishiwa kwa jirani, na ghafla kura zake zinapanda bila yeye kufanya chochote. Nguvu ya ramani unaiona Wisconsin hiyohiyo 2012: wagombea wa Democratic wa bunge la chini walipata kura nyingi zaidi ukijumlisha jimbo zima, ila Republican wakaondoka na viti 60 kati ya 99. Kwa hiyo kila kura zikipanda au kushuka sana uliza kwanza nani alishika kalamu.

Jimbo likiwa na ukomo wa vipindi, historia inakatika katikati na lazima ueleze kwa nini. Ernie Chambers wa Omaha, kinyozi kwa fani, alichaguliwa 1970 akawa anarudi kila mara. Mwaka 2000 wapiga kura wa Nebraska wakapitisha ukomo, vipindi 2 vya miaka 4 mfululizo. 2008 hakuruhusiwa kugombea, akatoka Januari 2009. Ila sheria inasema mfululizo! Mzee akapumzika miaka 4, 2012 akarudi akambwaga Brenda Council aliyekuwa amekalia kiti, akaenda hadi Januari 2021. Ukiandika "1971 hadi 2021" umeongopa, ni miaka 46 sio 50.

Baada ya chaguzi ndo uje kwenye kazi. Achana na orodha ya kamati, inachosha. Chagua kura 2 au 3 zilizomgharimu kitu. Kwa Chambers ni hukumu ya kifo, alikuwa anapeleka muswada wa kuifuta miaka na miaka, 2015 ukapita na veto ya gavana ikapinduliwa kwa kura 30 kwa 19, mwaka uliofuata wananchi wakairudisha kwenye kura ya maoni. Hapo msomaji anamwona mtu. Kwa Risser ni 2011, alipokuwa kati ya maseneta 14 wa Democratic waliovuka mpaka kwenda Illinois ili akidi isitimie kwenye muswada wa kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, na wakati huo ana miaka 83.

Pesa za kampeni na mahakama usiviache. Michael Madigan wa Illinois alikaa bunge la chini nusu karne, 1971 hadi 2021, karibu muda wote tangu 1983 akiwa spika, alikatishwa 1995 hadi 1997 tu Republican waliposhika bunge. Ukiishia kwenye kura unapata hadithi ya ushindi mtupu. Februari 2025 akakutwa na hatia kwenye baadhi ya mashtaka ya rushwa, Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu. Andika mashtaka aliyokutwa na hatia, na yale ambayo hakukutwa yataje pia, watu wanapenda kuyachanganya.

Familia iweke mwisho kama ipo ya kuwekwa. Kwa Risser nisingeiacha: baba, babu na babu wa mama yake wote walikuwa wabunge wa jimbo hilo, kila mmoja chama chake. Unionist, Republican, Progressive, kisha yeye Democratic.