Somo: Makofi ya watu wawili katika mzunguko wa 12

Somo hili ni la wapigaji wawili wasio na ngoma. Tunajifunza Clapping Music, kazi ambayo Mmarekani Steve Reich aliiandika mwaka 1972, baada ya kwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe kwa fundi Gideon Alorwoye. Nimewachagulia vijana wetu wa Lamu kazi hii kwa sababu haidai kununua chochote, na kwa sababu sikio lililolelewa na chakacha limekwisha kuuzoea mwendo wa tatu tatu, ambao wanafunzi wa kwingineko huutafuta kwa taabu.

Hatua ya kwanza ni ya mdomo. Kaeni barazani bega kwa bega, msitazamane, kisha semeni pamoja bila kukata: pa pa pa m, pa pa m, pa m, pa pa m. Kila "pa" ni kofi na kila "m" ni kimya chenye urefu uleule wa kofi, kwa hiyo jumla ni nafasi 12, makofi 8 na vimya 4. Msianze kupiga mpaka muweze kuusema mzunguko huu huku mkitembea.

Hatua ya pili ni mguu, na hapa nawaomba msiharakishe. Kanyageni nafasi ya 1, 4, 7 na 10, mkiendelea kupiga makofi. Katika ngoma nyingi za Waewe kazi ya kuwaweka wote pamoja hufanywa na kengele ya chuma iitwayo gankogui, ambayo mdundo wake unaojulikana zaidi una mapigo 7 ndani ya nafasi 12: ya 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Ngoma nyingine huingia, hunyamaza na kubadili semi zake, lakini kengele haiyumbi, na kila mpigaji hujua alipo kwa kuisikiliza. Pigeni kwanza mdundo huo wa kengele juu ya mguu, ndipo mrudi kwenye makofi yetu. Mtatambua kwamba mguu uleule unaibeba midundo yote miwili.

Hatua ya tatu ni kusogea. Mpigaji wa kwanza habadilishi kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Wa pili, baada ya kurudia pamoja mara kadhaa (kwa mazoezi, nane zatosha), anaruka nafasi moja mbele kwa ghafla, bila kuteleza polepole, na sasa anapiga: pa pa m pa pa m pa m pa pa m pa. Sikilizeni kinachotokea. Mnakutana katika nafasi nne tu, ya 1, 2, 5 na 10, lakini makofi yenu yakijumlishwa hakuna kimya hata kimoja kilichobaki, kwani kila mmoja ameziba mapengo ya mwenzake. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba "moja" haihami: mdundo wa mpigaji wa pili umesogea, ila mguu wake unabaki palepale pa mwenzake. Akiuhamisha mguu, atakuwa anapiga mdundo wa kwanza kwa kuchelewa au kuwahi, na kazi yote itapotea.

Endeleeni hivyo nafasi moja moja. Mkifika msogeo wa sita, makofi ya pamoja yataangukia nafasi ya 2, 5, 8 na 11, yaani kila baada ya nafasi tatu, baada tu ya mguu; mimi huona hapo ndipo penye utamu mkubwa kuliko pote. Msogeo wa 12 unawarudisha pamoja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Malindi: Asalaam aleikum maalim. Mimi ndiye ninayebaki, lakini mwenzangu akisogea navutwa kumfuata. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Rudi kwenye "pa" na "m" kwa sauti ya chini huku unapiga, na usimamie mguu. Kwa muda, mwenzako akunje viganja ili kofi lake liwe zito na lako liwe kali. Mkishaimarika, rudini kwenye sauti moja.

Mwanachama wa Lamu: Je, maalim, huu tuuite muziki wa Kiafrika?

Jibu: Nisingeuita hivyo. Reich alianza kusogeza sauti namna hii kwa kanda mbili za kinasa sauti mwaka 1965, kabla hajafika Ghana. Alichokikuta kule ni uthibitisho kwamba muziki wa mapigo matupu unaweza kujitosheleza, na mwaka 1971 akakamilisha kazi yake ya ngoma iitwayo Drumming. Ila katika ngoma ya Waewe yuko kiongozi anayezungumza na wachezaji kwa ngoma yake, na katika makofi haya hayupo kiongozi wala mchezaji. Heshima ya Waewe itajwe, na tofauti pia itajwe.

Mwanachama wa Lamu: Sisi akina mama twaweza kutumia pembe za vugo?

Jibu: Mwaweza, dada, na nawahimiza. Pembe ya nyati ikigongwa kwa kijiti hutoa sauti kavu inayokatika mara moja, hivyo vimya husikika vizuri. Chagueni pembe mbili zenye sauti zinazokaribiana, kwa kuwa moja ikiwa nene na nyingine nyembamba, msikilizaji atafuata pembe moja moja badala ya mdundo unaozaliwa kati yake.