Namna ya Kudumu katika Imani Ukiwa na Nguvu Kidogo

Soma kwanza Ufunuo 3:7–13, ujumbe uliopelekwa kwa kanisa la Filadelfia, mji wa Asia Ndogo ambao leo unaitwa Alaşehir, nchini Uturuki. Kati ya makanisa saba yaliyoandikiwa, ni Smirna na Filadelfia tu ambayo hayakukemewa, na Filadelfia liliambiwa waziwazi kwamba lina nguvu kidogo. Halikuagizwa kutafuta nguvu zaidi kwanza. Lilisifiwa kwa kulitunza neno la Kristo na kutolikana jina lake. Anayejiona mnyonge na aanzie hapo.

Kulitunza neno kusigeuzwe kuwa mzigo. Mpango wa kusoma sura nyingi kila siku humshinda mtu aliyechoka na kumwachia hatia bure. Chagua mstari mmoja, uuandike kwa mkono, uweke karatasi hiyo pale unapowekea funguo, kisha uutamke kwa sauti kabla ya kutoka na kabla ya kulala, juma zima.

Kutolikana jina hujaribiwa zaidi kazini kuliko kanisani. Mkubwa anapomtaka karani aandike kwenye risiti kiasi kisicholingana na kilicholipwa, hakuna muda wa kutunga maneno, hivyo jibu liandaliwe mapema, liwe fupi na la adabu: “Samahani bosi, nitaandika kilicholipwa.” Lizoee nyumbani mpaka ulimi ulikubali, kwa maana hofu haitaondoka siku hiyo.

Katika sala, utaje udhaifu wako kama ulivyo. Gideoni, aliyeitwa kuwaokoa Waisraeli kutoka kwa Wamidiani, alimwambia Mungu kwamba jamaa yake ilikuwa maskini kabisa katika kabila la Manase na kwamba yeye ndiye mdogo nyumbani kwa baba yake; Mungu hakubishana naye juu ya hilo, bali alimwahidi kuwa pamoja naye, na baadaye akalipunguza jeshi lake kutoka watu 32,000 hadi 300. (Wanaomwambia muumini aliyelemewa kwamba tatizo lake ni uhaba wa imani wangefaa kuisoma habari hii upya.) Wakati mwingine mwili ndio uliochoka: nabii Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji mara mbili, naye akalala tena kati ya mara hizo mbili, kabla hajaulizwa neno lolote. Basi kula, lala, na huzuni ikizidi umwone daktari.

Hatua inayorukwa sana ni kutafuta mwenzi. Usiku ule jeshi lake lilipopunguzwa, Gideoni aliambiwa kwamba akiogopa kushuka kwenye kambi ya Wamidiani, ashuke pamoja na Pura, mtumishi wake. Woga wake haukumwondolea wajibu, ila alipewa mtu wa kufuatana naye. Mtafute mmoja katika jumuiya yenu anayetunza siri, umweleze jambo moja mahususi linalokutisha juma hili, na umwombe akuulize siku ya Ijumaa limekwendaje.