Kazi ya hoteli imekumaliza? Anzia kwenye rosta

Wenzangu wa hotelini, kuna uchovu wa kawaida wa hai sizoni, unalala unaamka uko freshi, na kuna huu mwingine unamaliza ofu nzima kitandani na bado ukisikia simu ya supavaiza moyo unalipuka, kila mgeni unamwona msumbufu hata aliyekusalimia vizuri. Huu ndo wanaita burnout, na Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linautambua kama tatizo linalotokana na kazi, kwa hiyo mtu asikwambie we mvivu.

Chukua daftari, wiki mbili andika saa ya kuingia na kutoka, ile halisi sio ya kwenye rosta. Mara nyingi utakuta kinachokuua ni kufunga mgahawa saa 5 usiku halafu saa 12 asubuhi uko kwenye brekfasti. Huku Tanzania Bara sheria ya ajira ya 2004 inataka upumzike masaa 12 kabla ya kurudi kazini, yanaweza kushuka mpaka 8 ila kwa maandishi, na ni kwa anayeishi hapo hapo kazini au ambaye zamu yake inakatwa katikati masaa 3 au zaidi. Kazi ya kawaida kwa wiki mwisho masaa 45, yanayozidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Zanzibar wana sheria yao, msichanganye.

Kwa supavaiza usiende na "nimechoka", nenda na daftari na ombi moja. Mfano hausikiping, rum ya cheki-auti sio sawa na ya mgeni anayeendelea kukaa, ile unavua kitanda chote, unasugua bafu upya, unanyanyua godoro uchomekee shuka, mgongo ndo unaishia hapo. Omba cheki-auti zigawanywe sawa, au vitanda vikubwa mtandike wawili wawili, hilo anaweza kulikubali leo leo kuliko kuomba aajiriwe mtu mwingine.

Resepsheni na mezani kubalianeni, mgeni akikuwakia mwenzako aje akupokee, we toka ukanywe maji, usirudi mpaka mikono iache kutetemeka.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka, iombe mapema uichukue masika wageni wakipungua, na tafadhali usiiuze. Mabosi wakikataa nenda tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahotelini, ikishindikana CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kama usingizi umekata kabisa au unawaza kujidhuru, hayo ya rosta yaache kwanza, mwambie mtu wako wa karibu leo akupeleke hospitali.